Si Ugonjwa, Mama, Nimepunguza Mwili

Mama, misawa!

Goti lako linaendeleaje? Mvua imefika Awasi? Mimi niko mzima. Narudia: niko mzima. Barua hii nimempa mtu anayekuja nyumbani, kwa sababu simu huwa unaiweka spika, na safari hii sitaki akina mama wote wa kanisa wasikize.

Nimekasirika, Mama, na sitakuficha. Ile picha nimevaa rinda la bluu nilikutumia nikiwa na furaha. Tulipopimwa afya huku Doha, nesi alinipima presha, akaniuliza kama kwetu kuna mtu alikufa nayo. Nikamwambia ndiyo, Baba. Akasema basi nipunguze mwili haraka. Soda nikaacha. Chapati nikaacha, na unajua mimi na chapati. Ugali nakata kipande kidogo, mboga ndiyo najaza sahani. Hoteli tunayofulia mashuka ina lifti, lakini mimi napanda ngazi. Mwanzo nilikuwa nashika ukuta kila orofa, wenzangu wakinicheka. Siku nilipofika juu bila kusimama nililia, kisha nikapiga hiyo picha.

Na nyinyi mkafanya nini? Ukanipigia ukilia, "Nyathina, mwanangu, unatuficha nini?" Kabla sijajibu, akina mama wakaanza kukemea pepo wa magonjwa kwa simu, mimi nikiwa kazini na glavu mkononi! Baba Mdogo naye akasema ni chira, ati nimekonda kwa sababu nimevunja mwiko wa nyumbani. Mkanitumia manyasi, dawa ya kuondoa mwiko, ndani ya chupa ya soda. Nilimwaga yote.

Hayo ningecheka tu. Lakini juzi dada yangu Awuor ameniambia Baba Mdogo alikuja na fimbo yake akaonyesha mahali nitazikwa. Nje ya ua, kwa sababu sijaolewa, na msichana kama mimi hazikwi ndani ya boma. Aki Mama! Mtu anakula, anafanya kazi, na nyinyi mnamtafutia kaburi? Tena Awuor anasema ulikuwa umesimama hapo hapo, ukanyamaza. Baba Mdogo namjua. Wewe ndiye umeniumiza.

Nilipokuwa mnene, napumua kama mtu aliyefukuzwa na mbwa, mlisema nimenawiri. Hakuna aliyeniombea. Baba pia mlimsifu tumbo, "mzee ameshiba," mpaka asubuhi ile alipoanguka mlangoni akivaa viatu. Mimi ndiye nilishika kichwa chake, Mama. Wewe ulikuwa umeenda sokoni. Sitaki kufa hivyo, na sitaki mtu anionee huruma kwa sababu nimekataa.

Sasa nataka jambo moja. Mwite Baba Mdogo, umwambie kwa mdomo wako kwamba mtoto wako si mgonjwa. Usimtume Awuor. Sema wewe mwenyewe, na akina mama wa kanisa wakiwa hapo.

Nisalimie Awuor, asante kwa kuniambia ukweli. Nisalimie Dani, mama yake Baba, mwambie bado nakula samaki. Akina mama wa kanisa wasalimie pia. Kama lazima waombe, waombe nisirudie chapati. Baba Mdogo sijamsalimia, na ajue hivyo.

Na wewe, Mama, usinililie tena. Ni mimi nitakuzika wewe, ukiwa umezeeka mpaka umechoka na dunia. Ndiyo maana napanda hizo ngazi.

Binti yako ambaye bado yuko,
Akinyi