Redio ya Mama

2 Machi

Mdogo wangu,
Hujambo? Mama anaendeleaje na macho yake? Mimi mzima. Hapa dukani tunauza samaki wa mapambo, ndege wa kufugwa, na kasuku mmoja anayenitukana mbele ya wateja. Hivi wale vyura wa miti wa bwawani kwetu bado wapo? Mchana hujificha wapi? Nimewakumbuka tu.

Kaka yako

11 Machi

Kaka,
Sisi hatujambo, ila Mama sasa haoni hata mkono wake. Nimemsomea barua yako mara mbili. Kasuku kamchekesha mpaka akakohoa. Mimi nilidhani umeshatusahau.

Vyura wapo. Mchana unaweza kuwapita bila kuwaona: wamejibana chini ya majani mapana yaliyoinamia maji, miguu wameikunja, macho wameyafumba, kijani kitupu. Tikisa jani uone! Mmoja atakukodolea macho mekundu, akuonyeshe mbavu za buluu na vidole rangi ya chungwa, na utashtuka ingawa umezaliwa hapa. Mayai huyabandika majanini. Viluwiluwi vikikomaa vinadondoka majini. Usiku wakianza kuimba, Mama husogeza kiti dirishani. Anasema hiyo ndiyo redio yake, haiishi betri.

Njoo.

Mdogo wako

6 Aprili

Kaka,
Leo sikuulizi hali. Juzi walikuja wanaume wawili na ndoo zenye vifuniko, wakasema umewatuma wewe. Nikawapikia chai, mjinga mimi! Walikwenda moja kwa moja bwawani, wakageuza majani, wakawachuma vyura kama mapera. Mayai wakayakata na majani yake. Mmoja akanishukuru: "Dada, ulieleza vizuri sana."

Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Mdogo wako

15 Aprili

Mdogo wangu,
Salamu. Usininunie, vyura tu hao. Tajiri wangu aliwataka, na wateja wanawagombania. Ningekuambia ukweli ungekataa. Mpe Mama pole, namtumia redio mpya.

Kaka yako

2 Mei

Kaka,
Redio imefika. Mama kaipapasa, kaniuliza ya nini, kaiweka chini ya kitanda. Kila usiku anasogeza kiti dirishani na kuniuliza mbona kimya. Namwambia vyura hawaonekani. Umenisaliti, na kinachoniuma zaidi ni kwamba ulipouliza nilifurahi.

Jana kaniambia: "Mwandikie kaka yako. Si alikuwa anawaulizia? Yeye anawapenda, aje atusaidie kuwatafuta."

Basi nimekuandikia, kama alivyotaka.

Binti wa Mama