Dawa ya Huko Chini

Tarehe 9, mwezi wa tatu. Leo natimiza miaka mitatu na miezi minne tangu nitoke nyumbani.

Mama yangu,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje, na lile jicho la kushoto bado linatoa machozi ukipuliza moto? Mimi ni mzima wa kuweza kushika kalamu. Uzima uliobaki ndio ninaokuandikia. Mjomba nisalimieni sana, ila barua hii asiisome yeye. Dada, wewe unayemsomea Mama, funga mlango kwanza. Ukifika pa kucheka, cheka mara moja tu, maana mbele kuna mengine.

Nianze na kosa langu. Barua ile ya kwanza niliiandika nikijua Mjomba ndiye atakayewasomea, nikaona haya. Nikasema tu nina shida huko chini, panavuta, na jioni nikitoka kazini panakuwa pazito. Nanyi mnajua mimi ni saidia fundi, kutwa nasimama kwenye zege bichi, mkaelewa miguu. Ukanitumia kopo la unga wa magome na maelezo: niloweke kwenye maji ya vuguvugu asubuhi na jioni, nisivae viatu mpaka pakauke. Mama, nilikaa ndani ya beseni siku nne! Nilijiuliza viatu vinahusu nini, lakini nikasema Mama alikuwa akitibu wanawake kabla sijazaliwa, anajua. Nikitoka kwenye beseni nakaa kitandani peku, nangoja pakauke. Paliwasha kama pilipili. Ila siku mbili za mwisho ule uzito ulipungua, na mpaka leo sijui kama ni dawa ya miguu iliyonisaidia, au ni kwa sababu siku hizo mvua ilisimamisha kazi nikalala.

Muwasho ndio ulionipeleka zahanati. Nesi wa pale ni mwanamke mfupi, mkali, mikono yake ina joto. Alinipima, akaniuliza nani kanifundisha kujipika kwenye beseni. Akasema kizazi changu kinashuka. Nyama zinazokishikilia zimelegea, na kila nikijitwisha karai la zege nakisukuma kuja nje. Ni kweli, Mama. Nikichuchumaa nakigusa kwa kidole, laini kama ndani ya shavu. Akasema atanivalisha pete ya mpira huko ndani ikishikilie, na atanifundisha kujibana na kujiachia mara nyingi kwa siku. Nisiingize wala kujifukiza chochote, na mizigo basi. Nilimwambia mama yangu ni mganga wa mitishamba. Akasema hana ugomvi na mama yangu, ila kamba iliyolegea haikazwi kwa kuimwagia chai.

Nilitoka pale kichwa kimejaa. Jirani yangu, mama anayepanga chumba cha pili, kusikia pete akashika mdomo. Akasema mpira utapotelea humo, siku moja nitakohoa niuteme. Akaniletea vidonge vya mviringo vya majani anavyouza shoga yake, vya kuweka usiku. Nikasoma karatasi yake: vinasafisha, vinabana, vinarudisha usichana. Mama, mimi usichana siutaki, nataka kupanda ngazi. Nimevifunga kwenye kitambaa, sijavitumia, sijavitupa pia.

Kazini nako nilimwomba fundi mkuu anipe kazi nyepesi, hata ya kuchekecha mchanga. Akauliza naumwa nini. Nikaona haya tena, nikasema huko chini. Kesho yake akaniletea mabuti mapya, akasema pole sana, sasa miguu haitaungua na saruji. Nikamshukuru. Ningefanyaje? Nikayavaa, nikajitwisha karai.

Ndipo nikamwandikia Dada peke yake, nikamweleza mambo kwa majina yake. Anasema ulicheka mpaka ukakaa chini, kisha ukamwambia aniulize neno moja tu: dawa za kizazi unazo mbili, ya aliyezaa na ya ambaye hajazaa, na huzichanganyi, kwa hiyo unipimie ipi?

Mama, swali hilo lina wiki tatu chini ya godoro langu. Mchana nabeba zege nalo, jioni narudi nalo. Sijui kama uliuliza kama mganga au uliuliza kama mama. Nesi naye aliuliza hivyohivyo, nikamjibu papo hapo bila hata kumeza mate. Mtu nisiyemjua nikamwambia, wewe nikakuficha. Mara nyingine nashika kalamu niandike sijazaa. Lakini nikisema hivyo utanitumia dawa ya mtu mwingine kwa mara ya pili, na safari hii sitaweza kumsingizia Mjomba.

Mama, ni ya aliyezaa.

Ni msichana. Ana mwaka mmoja na miezi miwili, meno sita, na hasira za kwenu. Baba yake alikuwa fundi vigae. Ghorofa lilipoisha naye akaisha. Siku ya kumi na mbili baada ya kujifungua nilirudi kwenye karai, nafasi yangu isichukuliwe, na nadhani ndipo kilipoanza kulegea. Jirani ndiye anayebaki naye nikiwa kazini. Nimempa jina lako. Jirani akimwita aje ale, mimi ndiye ninayegeuka, nadhani umefika.

Sijui utasema nini. Sijui kama pete ni bora kuliko mizizi yako, wala kama utaona nimekudharau. Wiki ijayo nitavalishwa pete, kwa sababu nesi ameniona na wewe bado hujaniona. Ukiniona useme na wewe, nitawasikiliza wote wawili.

Nisalimie wote wanaoniulizia, na Dada nakushukuru kwa sauti yako. Nesi anataka kuniangalia tena baada ya mwezi, kisha naacha kazi hii. Tarehe 2 ya mwezi wa tano nitashuka stendi kwa basi la asubuhi. Nguo zangu ni chache, zinaingia kwenye mfuko mmoja. Shida ni wajina wako: ana kilo kumi, kutembea bado anayumba, na mimi nimekatazwa kubeba. Tafadhali, pawe na mtu wa kunipokea. Mjomba asije, wala Dada. Njoo wewe, Mama, umbebe.

Mwanao,
saidia fundi