Kidude Kisichojibu Salamu

Kasiani, mdogo wangu,

Siku hizi kaka yako ni mtu wa kuamrisha. Nakaa kwenye kochi hapa Uswidi, miguu juu, nasema neno moja na nyumba nzima inapata joto. Sichochei kuni, sigusi swichi. Nikisema, natiiwa.

Haya, nimekudanganya. Anayetiiwa ni mwanangu Skola. Mimi miezi miwili ya kwanza nilikuwa naongea na kabati. Marahaba hata hivyo, maana shikamoo yako najua ipo njiani. Mguu uliochomwa na mwiba wa samaki umepona? Na maji ya mto Lumemo yamefika shambani au bado?

Nimekuandikia karatasi, nimempa sista anayekuja huko likizo kesho, kwa sababu simu za humu ndani siziamini. Kuna msikilizaji. Ni kidude cha duara kama kifuniko cha sufuria, kinakaa juu ya kabati. Ukikiita jina lake kinawasha taa ya bluu, unakiambia kwa Kiingereza unataka joto kiasi gani, na mabomba ya ukutani yanapata moto. Siku ya kwanza nilikisabahi kama mtu mzima anavyosabahi. Kimya. Skola akacheka, "Baba, hicho hakiulizwi hali. Kiamrishe tu." Nikamwuliza, kama kimelala, kinajuaje kwamba kimeitwa? Mpaka leo hajanijibu vizuri.

Sasa sikiliza. Skola ni nesi, unamjua alivyo. Aliahidi kifua changu kikitulia atanikatia tiketi nirudi kabla ya mvua za kupanda. Kikohozi kiliisha. Zikabaki wiki mbili za kuhakikisha sina homa, basi.

Ila nilikuwa na siri. Ile mbegu ya mpunga wa baba unayoitafuta darini, ninayo mimi, kwenye soksi. Ningeiacha kwako ungeipika. Nikaanza kuogopa kwamba baridi ya huku imeiua. Kwa hiyo nikachukua konzi moja, nikailoweka, nikaifunga kwenye taulo bichi badala ya gunia, nikaisukuma chini ya kitanda karibu na bomba. Joto halikutosha. Basi Skola akienda kazini nasimama mbele ya kabati, nasoma Kiingereza nilichoandika kiganjani: nyuzi ishirini na tisa. Kikaitikia. Saa tisa mchana, kabla hajarudi, nakiambia kishushe. Nikajiona mjanja.

Siku ya nne akaingia amenyoosha simu mbele ya uso wangu. Kidude kimemwandikia kila kitu, saa nilizopandisha na saa nilizoshusha.

"Baba, una homa na unanificha."

"Sina."

"Basi nani anasikia baridi humu mchana kutwa? Mimi nipo kazini."

Nikakitazama kile kidude. Kimenyamaza kama mgoni mbele ya balozi wa nyumba kumi.

Akasema habari za tiketi tuziache kwanza, akaenda kuchukua kipimajoto. Hapo ujanja wangu ukaisha. Nikainama, nikavuta taulo, nikalifungua juu ya kitanda. Kasiani, imeota. Yote, vinundu vyeupe kama meno ya mtoto. Skola akaichota, akainusa, akakaa chini. Nikadhani yameisha. Halafu akasema polepole, "Baba, unaatamia mpunga chini ya kitanda?"

Sasa kifua ameniachia, anachunguza kichwa. Tiketi bado haijakatwa. Anasema mwisho wa mwezi atakupigia simu wewe, akuulize kama zamani nilikuwa hivi, au ni uzee umeanza.

Msalimie shemeji yangu Paskalina, mwambie makochi ya huku hayafikii kigoda chake. Msalimie dada yetu Ewalda wa Mang'ula, lakini habari ya taulo asiipeleke kwaya.

Na wewe una deni langu. Ule mtumbwi wa baba uliouzamisha kule Lupiro, nani alisema ni kiboko? Baba alikufa anaamini. Leo sikuombi uongo. Skola akipiga, mwambie kweli tupu: kaka yako alikuwa hivi hivi tangu ulipopata akili, kama uliipata. Na useme kwa sauti kubwa, kidude nacho kisikie.

Kaka yako, mwenye mbegu,
Fulgensi