Karatasi Nane za Saruji

Tata,

Nimerudi nyumbani kutoka Sironga ninakofundisha, nimekaa kwenye kiti chako, baba yangu, na mbele yangu ni ule ukuta. Mama yuko nje anachambua mboga. Nataka kukueleza mwenyewe yaliyotokea, maana nina kosa langu ndani yake.

Sakafu ya zahanati uliyoijenga ilipasuka mvua ya kwanza tu baada ya kukuzika. Ulijua itapasuka. Siku ile ya kumimina sakafu ulirudi ukatupa mwiko mlangoni, ukasema mwenyekiti wa kamati amekuamuru uongeze mchanga kwa kuwa saruji imekwisha. Hukula jioni hiyo. Sasa nyufa zimeonekana na wewe huwezi kujitetea, basi watu wakakutwika lawama wewe. Waliokuja matanga walikuwa wamekaa humu ndani wakaona kuta zimebandikwa karatasi za mifuko ya saruji, chini mpaka juu. Ulizileta kila jioni ukazibandika kwa uji mzito ili upepo usitupate. Wao wakanong'ona kwamba fundi ameila saruji, na maganda yake haya hapa.

Niliona aibu, Tata. Sikufichi. Nilichukua kisu nikaanza kubandua. Nane zilikuwa zimeshaingia motoni Mama aliponishika mkono. "Hiyo ni kazi ya baba yako," alisema. Nikamwona hajui kitu. Kumbe asiyejua ni mimi.

Halafu wakaja wageni wa lile shirika la ng'ambo lililotoa fedha za zahanati, Mzungu mmoja mrefu na mama wa Nairobi wa kumtafsiria. Tulidhani fedha ya mbali haina mwenyewe. Hawa walitaka kujua kila mfuko ulipokelewa na nani, na nani aliona. Risiti za kamati zilisema mifuko mia moja na hamsini. Mwenyekiti akawaleta hapa kwetu yeye mwenyewe, amevaa koti lake la kanisani, akasimama mlangoni. "Muone na macho yenu," alisema. "Simiti yote iliishia kwa nyumba ya huyu mtu."

Mzungu alikwenda ukutani akainama. Aliziona alama zako za mkaa pembeni mwa kila karatasi, zile nilizodhani ni za kupangia tu. Moja, mbili, tatu, na kando ya kila namba umeandika msingi, au ukuta, au sakafu. Kila mfuko uliofungua, Tata. Wakahesabu karatasi wote wawili, wakapata sabini na mbili tu, si mia moja na hamsini.

Ningenyamaza, mwenyekiti alikuwa amekwisha. Nikisema nimechoma nyingine, atauliza kama ni nane au themanini, na nani angemwamini binti wa fundi aliyeitwa mwizi? Mama alikuwa ananitazama. Nikakumbuka ulivyokuwa ukikataa kufungua mfuko mpaka vibarua wote wasogee waone. "Mali ya watu huhesabiwa mbele ya watu." Nilikuwa nakucheka kwa maneno hayo.

Nikasema. Nane nilizichoma mimi, kwa aibu.

Mwenyekiti alicheka. "Mmesikia? Amechoma ushahidi." Nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwa nimekuzika mara ya pili, na safari hii kwa mdomo wangu.

Mzungu akarudi ukutani, akaanza kusoma namba badala ya kuhesabu karatasi. Ile ya mwisho, juu ya mlango, ni themanini. Kando yake umeandika: "Imekwisha. Mwenyekiti ameambiwa." Namba zilizokosekana zilikuwa nane, na zote ni za pale nilipobandua. Mwenyekiti aliacha kucheka. Mama aliingia jikoni, na huko ndiko nilikomsikia akilia.

Lakini bado hatujapumua. Wageni wamesema taarifa yao itasomwa Jumapili hii mbele ya zahanati, watu wote wasikie, wala haitafungiwa ofisini. Tangu siku hiyo mtu amekata migomba yetu minne ya kando ya njia. Mwalimu mkuu ameniita akaniambia nifikirie kazi yangu, kwamba mwenyekiti ana ndugu wengi. Naogopa, Tata.

Nitakwenda. Nakuahidi hilo. Nitasimama pale kwenye sakafu iliyopasuka, wakiniuliza nitasema yote niliyoyaona, na nitaanza na kosa langu kabla ya la mwenyekiti. Wewe lala salama mpaka asubuhi ile ya ufufuo uliyokuwa ukituhubiria kila Sabato.

Mama ameleta magazeti azibe zile nafasi nane, maana upepo unapita na usiku kuna baridi. Nimemwomba aziache. Atakayekuja kusoma hesabu yako ukutani, aione na yangu.

Binti yako,
Moraa