Uliyasemea kwa Kinyozi

Kwako mtoto wa kaka yangu, walii wetu mpya,

Waalaikumu salaam. Huku hatujambo. Paka amezaa ndani ya kabati la nguo, na bomba la jikoni linavuja vilevile ulivyoliacha.

Unaandika kwamba umetubu, umelia hadi mswala ukalowa, na una yakini Mungu amekusamehe. Hilo sibishi. Rehema yake ni pana, hata vichwa maji kama wewe mnaenea. Lakini unanituma nikuombee radhi kimyakimya kwa mtalaka wako. Mimi tarishi wako?

Ulimzushia kwamba ana mwanamume, tena uliyasemea kwa kinyozi, umekaa kitini, povu kidevuni, watu wamejaa hadi mlangoni. Wateja wake wa cherehani wakamkimbia, majirani wakawa hawamwitikii salamu. Sasa toba unaifanyia chumbani, na mlango umeufunga! Nilimuuliza shehe wa msikitini. Akasema uliyemvunjia heshima umwendee mwenyewe, na uongo ukaufute palepale ulipousema.

Ujumbe wako nimeufikisha hata hivyo. Mwenzio hakuacha kushona. Akasema, "Shangazi, mimi nilishamsamehe. Aende tu kwa kinyozi."

Basi njoo. Kiti kipo, na kinyozi ni yuleyule. Mbele ya Mola wako umelia bila haya. Kumbe unayemwogopa ni kinyozi.

Ni mimi shangazi yako, ambaye rehema yangu si pana.