Mama Mkwe Anakuja London Kumwona Mwanawe, na Mwanawe Hayupo

Kwako Mama Hansa wa Queensbury, shikamoo. Nakuandikia nikiwa kantini kazini, chai yangu imepoa mbele yangu, na tafadhali barua hii iwahi gazeti la wiki hii, maana ikichelewa utakuwa unamjibu mtu aliyekwisha kuaibika, nisaidie mwanao, nimejitia kwenye uongo na mlango wa kutokea siuoni.

Mimi ni Mhaya wa Bukoba, nauguza wazee, naishi Thamesmead na binamu yangu Evodius, na nina mchumba Mjerumani anayeitwa Henning, mwanajeshi, fundi wa magari ya jeshi, mpole, mrefu mpaka anainama kwenye mlango wa jiko langu, tulikutana kwenye harusi ya rafiki yangu huko Hamburg na tangu siku ile sina mwingine. Mama yake ni Mama Gudrun, mjane, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, na Henning ndiye kitindamimba wake. Sasa huyu mama alizaliwa Vita ya Pili ya Dunia ikielekea mwisho, baba yake alikuwa kijana mdogo kuliko Henning wa leo, wakamvika magwanda wakampeleka Urusi, hakumwona mtoto wala mtoto hakumwona yeye, hata kaburi hawalijui, na mkewe akamngoja pale nyumbani mpaka akafa mzee. Kwa hiyo Mama Gudrun neno vita hataki kulisikia, na Henning alipoingia jeshini alimwapisha kwamba atatengeneza magari nyumbani Ujerumani na si kwingineko.

Basi mwezi wa Machi mwaka huu wa 2010 Henning akaambiwa unakwenda Afghanistan. Akaona akimwambia mama yake presha itamwangusha, akamwambia ameacha jeshi, amehamia London kwangu, amepata kazi gereji, halafu ndiyo akanipigia mimi kunieleza kwamba naishi naye, na akaniapisha nisiitoboe siri yake.

Mama Gudrun alifurahi jamani! Akaanza kunipigia kila Jumapili akitoka kanisani, "Henning yuko wapi?" Nikasema yuko bafuni. Jumapili iliyofuata yuko chini ya gari. Halafu ameenda kununua maziwa. Halafu bafuni tena, na Evodius anakimbia kufungulia shawa ili maji yasikike. Henning mwenyewe humpigia akipata nafasi huko kambini, na helikopta zikinguruma anamwambia ni ndege za City Airport zinazopita juu ya paa letu, na kweli zinapita, kwa hiyo hapo angalau hatukusema uongo mzima.

Kisha ikaja Jumapili ile Ujerumani walipowatandika Waingereza kwenye Kombe la Dunia. Mama Gudrun akapiga simu akasema leo nataka kumsikia mwanangu akishangilia. Evodius kusikia hivyo akajikaza, akatoa sauti nzito kutoka jikoni, "Tor! Tor!" kama Wajerumani wanavyoshangilia goli, akamalizia na kikohozi. Mama Gudrun akacheka, akacheka, mpaka nikadhani simu imeharibika, halafu akasema, "Haya, mwambie nimemsikia." Tangu siku hiyo hajaomba tena kusema naye, nikamshukuru Mungu kwamba tumeweza.

Tukatulia. Siku hizi ananiuliza habari zangu mimi, nimekula nini, nimelalaje, kuna jambo linanisumbua? Mwezi wa Julai akatuma kifurushi cha Henning, soksi nene za sufu, dawa ya miguu, na zile soseji kavu zisizooza, na hapa joto linatutoa jasho, nikasema wazee bwana, hajui kwamba London nayo ina kiangazi. Soseji Evodius alizimaliza. Na mama sasa anaishi bila televisheni, amempa jirani, anasema habari zinamchosha.

Sasa anakuja. Jumamosi hii, Heathrow. Na amesema Henning asijisumbue kuja kumpokea, niende mimi peke yangu. Nimempigia Henning, anasema mwambie gereji imenituma Scotland kusomea injini mpya. Evodius anasema yuko tayari kukohoa bafuni wiki nzima.

Mama, kwetu mwanamke anamsalimia mkwe kwa kupiga magoti, ndivyo nilivyolelewa, sasa nitapigaje magoti mbele ya mama wa watu, halafu nikiwa pale pale chini nimdanganye? Nikisema kweli na presha ikampanda akaanguka, nitakuwa nimemuua, na Henning hatanisamehe kwa sababu nilimwapia. Nikidanganya na akaja kujua, hatanikubali niwe mke wa mwanawe, na atakuwa na haki. Nampenda Henning, na huyu mama nimempenda pia, maana ndiye mtu pekee ninayeweza kukaa naye nikamtaja Henning saa nzima asichoke. Nifanyeje?

Ni mimi Marcelina, Thamesmead. Jina liandikeni tu, Mama Gudrun hasomi Kiswahili.

MAMA HANSA ANAJIBU

Marahaba, Marcelina mwanangu. Pole, tena pole sana. Pole nimeshakupa, sasa lete sikio nilivute.

Barua yako nimeisomea dukani kwangu, nikacheka mpaka mzee wangu Mansukh akatoka stoo mbio akidhani nimepaliwa. Nikamsomea naye. Tulipofika kwa Evodius na hiyo "Tor" yake, alikaa chini juu ya gunia la mchele, anafuta machozi. Halafu akaniambia, "Hansa, lakini huyo mama anajua." Mansukh huyo! Mwanamume ambaye nimebadilisha mapazia ya sebuleni akaishi nayo mwaka mzima bila kugundua. Yeye ameona, wewe uliyeandika hukuona?

Hebu fikiri. Mwanamke amemzaa Henning, amemsikia akilia, akikohoa, sauti ikimkwaruza alipobalehe. Wewe unamletea Mhaya anapiga kelele jikoni, unadhani alisema naam, ndiye huyu? Alicheka kwa sababu alikuwa anajua, na ninyi wawili mkamchekesha mtu ambaye pengine hajacheka tangu Machi. Akaacha kumwulizia kwa sababu alikuhurumia wewe, bibie, usije ukaishiwa na maziwa ya kununua.

Na soksi za sufu! Mwalimu wa Kiingereza asijue kwamba London ina kiangazi? Soksi zile ni za mtu anayeshinda ndani ya buti, dawa ni ya miguu hiyo hiyo, na soseji zisizooza ni za kusafiri mbali. Alikuletea wewe uzipeleke kule aliko mwanawe. Ninyi mkala! Evodius, kama unasoma hapa, uone haya, na ununue nyingine.

Televisheni je? Mtu mzima anayeishi peke yake hagawi televisheni kwa sababu ya uchovu. Aliitoa kwa sababu kila habari zikisomwa alikuwa anamtafuta mwanawe mle ndani, na moyo ukachoka. Hapo sikucheka, mwanangu. Hapo niliiweka barua yako chini nikaenda kupanga makopo.

Mwanangu wa kiume, simtaji jina, aliwahi kunipigia simu eti yuko chuoni Leicester anajisomea, kumbe yuko Hispania ufukweni. Nilijua kabla hajamaliza salamu. Mtoto akidanganya anakuwa mpole kupita kiasi, na huyo wangu aliniuliza habari za mgongo wangu, jambo ambalo hajawahi kuniuliza tangu azaliwe. Nikanyamaza, nikamngoja aniambie mwenyewe. Mama Gudrun naye amewangoja ninyi hivyo hivyo, ameona hamsemi, amekata tiketi.

Hilo la presha nalo acheni. Henning anaogopa kumsikia mama yake akilia, na wewe unaogopa kuonekana mwongo, ndiyo kweli yenyewe. Kuogopa si dhambi. Lakini msimtwike mama wa watu woga wenu mkauita presha yake. Na wewe si unauguza wazee? Kipimo unacho. Mpime kabla ya kumwambia, mpime na baada, roho yako itulie.

Sasa sikiliza vizuri, maana Jumamosi ni kesho kutwa.

Mpigie Henning, au mwandikie, leo hii. Mwambie, "Namwambia mama yako Jumamosi. Sikuombi ruhusa, nakupa habari ujiandae." Akikukumbusha kiapo, mwambie Hansa wa Queensbury amekifungua, na mwenye malalamiko anajua duka lilipo. Mwanamume anayeweza kulala kwenye hema huko aliko anaweza pia kukaripiwa na mama yake. Akikasirika atakasirika, na hasira yake itaisha. Wewe hukumwapia ili umfiche mama mtoto wake milele.

Heathrow nenda peke yako, kama alivyosema. Usipige magoti pale, watu wanasukuma mikokoteni yenye masanduku bila kutazama mbele, mtaumizwa bure. Mkumbatie, mbebe begi, mpeleke nyumbani. Njiani usiseme kitu, treni si mahali pa kumwambia mtu jambo kama hilo. Evodius awe kazini, awe kanisani, awe popote anapotaka, lakini bafuni asiwemo.

Mkifika, mpe chai. Hapo ndipo upige magoti yako ya Kihaya kama moyo unakutuma, na useme hivi tu: "Mama, Henning yuko Afghanistan. Ni mzima, nimezungumza naye wiki hii. Nilikudanganya, nisamehe." Usianze kueleza kwa nini, usimtupie Henning lawama, usilie kabla yake. Nyamaza. Akitaka kulia alie, akitaka kukugombeza kwa Kijerumani akugombeze, inama usikilize hata kama huelewi. Akisema alikuwa anajua, usimwulize tangu lini.

Na hofu yako ya kukataliwa, Marcelina, iondoe. Huyu mama amekulia kwenye nyumba ambayo mwanamke mmoja alikuwa anamngoja mwanamume kutoka vitani, peke yake, mwaka hadi mwaka, na mtoto anamtazama. Anajua kungoja hivyo kunamfanya mtu nini. Ndiyo maana anakuuliza umelalaje. London haji kumtafuta Henning, anajua hayupo. Amekufuata wewe, kwa sababu hakuna mwanamke mwingine duniani anayemngoja kijana yule yule.

Kwa hiyo usimpangie kurudi haraka. Mwambie akae, kama nafasi ipo Evodius alale kwenye kochi, amekula soseji za kutosha. Mkasali pamoja Jumapili, umpeleke sokoni, akufundishe kufuma hizo soksi. Na simu ya Henning ikiita, usiipokee wewe. Mpe mama yake apokee, nawe kaa pale pale karibu naye.