Jenerali Kafa Mlango wa Pili

4 Machi

Kaka,

Jenerali amekufa, na kabla Dereva anayetubebea barua hajakuhadithia kwa namna yake nimeona nikuandikie mwenyewe, maana simu huko kwenu haishiki. Shikamoo. Hujambo hapo kambini? Kifua kimeacha kukubana? Sisi wazima, mama mzima, ila goti lake bado linamsumbua.

Ilikuwa Jumamosi, baada ya kufunga karakana ya makochi. Fundi alishafagia mabaki ya sponji, meza ya kukatia vitambaa ikawa wazi, tukatandaza ramani ya mchezo wako wa Gereza la Chumvi kama kawaida. Fundi ndiye Mkuu wa Gereza, Dada Msusi ndiye Mpishi, na mimi nilikuwa namsemea Jenerali wako, maana kitabu cha kanuni kinasema mchezaji aliye mbali anasemewa na ndugu yake. Tukafika mlango wa pili, askari wakiwa nyuma yetu. Barua yako ilisema hapo Jenerali amuuze Mpishi kwa askari, yeye apewe funguo.

Sikusema hivyo. Nilisema Jenerali anabaki kuushika mlango, Mpishi apite.

Fundi akaniuliza, "Una hakika? Akiwa peke yake anahitaji kumi kwenda juu." Nikaitikia kwa kichwa. Nikarusha dadu zote mbili. Zikatoka moja na mbili.

Dada Msusi alilia kidogo, akasingizia harufu ya gundi.

Kwa kanuni, aliyekuwa anamsemea marehemu anapata mfungwa wake mwenyewe. Nimechukua Mchota Maji. Nimeona ujue.

Mdogo wako


11 Machi

Bubu,

Marahaba. Mimi mzima, kifua kimepona, sasa kinachonibana ni wewe.

Umeniua. Tangu siku niliyokuja na lile sanduku la mchezo nimemlea Jenerali, nimemvusha njaa, homa na mgomo, halafu wewe unamuua kwa mkono mmoja wa dadu, tena kwa ajili ya msusi! Hivi ile tamthilia yenyewe ya Gereza la Chumvi uliiangalia, au ulikuwa unaangalia mende ukutani? Kwenye televisheni Jenerali hafi. Anamuuza Mpishi, anatoka, msimu wa tatu anarudi yeye ndiye mkuu wa gereza. Kila mtu anajua. Hata mama anajua, na mama huwa anasinzia.

Wewe ulikuwa mdomo wangu, basi. Mdomo haufikiri. Nani alikuombea kazi kwa Fundi? Nani alikuwa anakujibia hospitali ukiulizwa unaumwa wapi, umeinamisha kichwa kama kuku aliyelowa? Leo umepata ulimi, wa kwanza kutafunwa ni mimi.

Barua hii uisome mezani kwa sauti, wasikie wote. Mrudi mpaka mlango wa pili, mcheze kama nilivyoagiza. Huyo Mchota Maji wako amwage maji akalale.

Kaka yako


19 Machi

Kaka,

Shikamoo. Natumaini hujambo na kazi zinakwenda. Kwetu salama. Mama anakusalimu, anasema ule vizuri.

Nimeisoma barua yako mezani kama ulivyotaka. Ilinichukua muda, unanijua mimi na herufi. Dada Msusi alitaka kunisaidia, nikamwambia hapana, matusi yangu nitayasoma mwenyewe. Nilipofika kwenye kuku aliyelowa, Fundi alicheka mpaka misumari ikamtoka mdomoni. Halafu akafuta macho, akasema, "Huyu kaka yako ni marehemu mkorofi. Wenzake wakifa wanatulia."

Wamekataa kurudi nyuma. Kilichorushwa kimerushwa.

Tamthilia niliiangalia. Wewe ulikuwa unamwangalia Jenerali, mimi nilikuwa naangalia wanaokaa nyuma yake. Na hapa mezani ni hivyo hivyo. Jenerali alipovunjika mguu, Mpishi ndiye aliyembeba mgongoni, Dada Msusi akapoteza zamu zake chungu nzima bila kulalamika. Wewe hukuwepo. Mimi ndiye niliyekuwa nimekaa mbele yake. Ulitaka nimtazame usoni nimwambie nimekuuza, kwa sababu umeandika?

Na siku ile hospitali uliwaambia naumwa tumbo. Nilikuwa naumwa sikio. Nikanywa dawa ya tumbo mpaka ikaisha, na wewe ukaninunulia pipi kwa kuwa sikukusumbua. Sikio la kushoto mpaka leo halisikii vizuri.

Mdogo wako


26 Machi

Wewe,

Salamu za mama nimempa Dereva azifikishe. Wewe huna salamu.

Hayo ya sikio unayatoa leo? Ungefungua mdomo siku ile.

Sanduku ni langu, ramani ni yangu, dadu ni zangu, hata hicho kitabu cha kanuni kimeandikwa jina langu juu. Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao nina likizo, nakuja na lori. Nikute kiti changu, kile kilichoegemea ukuta, kiko kitupu, na Jenerali yuko hai. Nikikuta umekikalia, nitakubeba wewe na kiti mpaka barabarani.

Kaka yako, ambaye hajafa


16 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Ulifika salama? Barabara haikukusumbua? Huku wazima wote.

Mama ndiye aliyenikalisha niandike. Anasema uliondoka alfajiri bila kuaga, chai yako ikapoa mezani, na kosa ni langu. Anataka nikuombe radhi. Nimemwambia nitaandika yaliyotokea, nikifika kwenye kosa langu nitaliombea hapo hapo.

Ulisimama mlangoni mwa karakana, begi begani. Fundi akasema, "Karibu, marehemu." Hukucheka. Ukaninyooshea kidole: "Mwambieni huyu atoke kwenye kiti changu." Nikasema siondoki. Najua hukusikia, nilisema kidogo, lakini nilisema, Dada Msusi ni shahidi. Yeye ndiye aliyefungua kitabu akakusomea kwamba aliyekufa anaweza kurudi kama mfungwa mpya, ila atasimama nje ya mlango na hasemi neno mpaka mfungwa mmoja wa ndani amwite.

Ukamwambia, "Unanisomea mimi kitabu changu?"

Akakujibu, "Kumbe chako, na hujawahi kukifungua."

Fundi akakuambia usimame nje kama kanuni inavyosema, na kwa hilo nakusifu, ulisimama. Mpishi hakukuita. Sikumlaumu, ndiye uliyetaka kumuuza. Basi wote wakanigeukia mimi.

Kaka, ningekuita. Nilishavuta pumzi kabisa. Nilikuona pale na vumbi la safari kwenye nyusi, umekonda, umeshika kamba ya begi kwa mikono miwili, nikasema moyoni huyu ni kaka yangu, acha aingie, dunia ina nafasi ya Jenerali na Mchota Maji. Ndipo wewe ukashindwa kusubiri. Ukasema, "Niite, Bubu. Haraka." Kwa ile ile sauti ya kunituma sigara.

Pumzi ikarudi ndani. Nikakuangalia, na sikusema kitu. Umezoea nikinyamaza wewe unajaza. Safari hii hapakuwa na pa kujaza, kanuni ilikuwa imekuziba.

Halafu ukaja ukakunja ramani na vipande vyetu vikiwa bado juu yake. Mchota Maji akaanguka chini ya kochi la mteja. Ukabeba sanduku. Ni lako, sikushika hata pembe. Ulipofika mlangoni ukamwambia Fundi, "Huyu asingekuwa mtu bila mimi." Fundi akakujibu, "Basi hongera, umemaliza kazi." Hilo sikulisema mimi, usinidai.

Sasa tunacheza hivi hivi. Fundi kachonga dadu kutoka kwenye mguu wa kiti kibovu, zinaegemea upande wa sita lakini zinamwegemea kila mtu. Ramani nimechora mimi kwenye karatasi ya kukatia vitambaa. Kanuni tunazozikumbuka tunazifuata, tusizozikumbuka tunagombana mpaka mmoja achoke.

Nimefika mwisho wa yaliyotokea na ile radhi sijaikuta. Mama nitamwambia hivyo hivyo. Wewe ukitaka kurudi, mlango uko pale pale, utasimama nje kama wengine. Sitakuita ukinituma. Ukikaa kimya, nitaona.

Niishie hapa kwa sababu naitwa. Dereva, huyu huyu atakayekuletea barua, ameomba kuingia mchezoni leo, ni mfungwa mpya. Kasimama nje ya mlango wa karakana, kofia mkononi, kanyamaza kama sheria inavyotaka, na unajua Dereva alivyo na maneno, mishipa ya shingo imemsimama. Ananiangalia mimi. Mpishi kasema leo zamu ya kuita si yake. Acha niende nikamwite.

Mdogo wako